Mstari wa 412

Raili Kemppainen alistaafu Ijumaa. Benki ya Oulu
ilimpa saa ya mezani na keki ya mdalasini.
Miaka ishirini na sita alilipwa kufikiri kama mwizi:
kutikisa kila komeo, kisha kuandika ripoti
ambazo wakubwa walizisoma baada ya kuibiwa.

Lakini usiku, baiskeli ikidondosha theluji ukumbini,
alifuma bure
programu ndogo ya kufumba siri,
chanzo chake wazi kwa yeyote mwenye macho.
Hospitali zinaitumia. Jina lake hazilijui.

Sasa funguo kanikabidhi mimi.
Nasoma alichoacha. Juu ya mstari wa 412, maelezo mafupi:
“Hapa nilikosea mwaka mzima, hakuna aliyeona.
Nimeziba. Wewe hesabu tena.”

Nikahesabu. Chai ikapoa.
Nje, gari la kukwangua barafu lilipita mara mbili.
Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto.
Bado ilizidi moja.

Nikampigia. Kimya, kisha kicheko,
halafu mlio wa kiti kikivutwa:
“Ngoja nivae miwani.”