Upana wa Sahani

Raya kaniletea nyumba kwenye simu, kutoka Maskati:
sebule na jiko vimeungana, ukuta hakuna,
dari ya jipsamu, taa zimejificha kama watoto wenye makosa,
na nje, pale penye baraza, maegesho ya gari.
Gari ya nani, mwanangu?
Mimi nina kandambili na goti bovu.

Pesa ziliingia Ijumaa. Jumamosi
Fundi Shaame kaja, timazi mfukoni,
kagonga kuta zote kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua fenesi.
"Huu mzima. Huu mzima. Huu…"
akasimama,
"huu umekunywa."

Saruji ndiyo iliyoulevya. Marehemu mume wangu,
mwaka ule karafuu zilipopanda bei,
alitaka nyumba ing'are Wete nzima,
akaupaka ukuta wa mawe na udongo saruji juu mpaka chini.
Mawe ya kale yanataka kupumua, anasema Shaame:
masika yanavuta unyevu, kaskazi yanautoa.
Ukiyaziba yanatoka jasho kwa ndani.
Ndiyo maana kila mwaka chumvi inachanua nyuma ya kitanda changu
na mimi nafagia.

Basi tukakubaliana, mimi na yeye, Raya hayumo:
saruji itoke, chokaa irudi.
Chokaa ikalowekwa kwenye pipa uani,
chini ya gunia, wiki tatu isiguswe.
Baraza inabaki. Hapo ndipo ninapochambua karafuu,
na kila apitaye huniambia nani kafa, nani kaposwa.
Jiko la kuni libaki uani, lipate paa la makuti;
la gesi liingie ndani, kwa ajili ya wageni wa Raya.
Sakafu ya uani nayo naitaka, lakini si ya vigae.
Juu ya vigae karafuu hazikauki kwa adabu.

Siku ya tano nyundo ikabadili sauti.
Ukuta wa upande wa Mize.
Saruji ikabanduka kipande kizima, kama ganda la yai la kuchemsha,
na nyuma yake kidirisha,
kimezibwa kwa mawe yaliyopangwa haraka,
mawe ya mtu mwenye hasira.
Niliyapanga mimi usiku. Mume wangu alipaka asubuhi.

Nilikuwa nimekisahau.
Muongo mimi. Sikukisahau.
Hapo vilipita binzari, kaa la moto,
Raya mwenyewe akiwa na miezi minne,
mkono kwa mkono, bila mtu kuvaa viatu.
Kisha maji ya paa lake yakawa yanamwagikia msingi wangu.
Bomba la futi sita lingemaliza.
Tuliita sheha. Tuliita wazee.
Hatukuita fundi.

"Nizibe vizuri au nifungue?" kauliza Shaame,
patasi mkononi, vumbi kwenye kope.
Sikumjibu. Naye, kwa kuwa mkono wa fundi haupendi kukaa bure,
akang'oa jiwe. Moja tu.

Upande wa pili: "Taratibu. Pana vyombo."

Miaka ishirini na mbili
kwangu mimi palikuwa ukuta,
kwake palikuwa shubaka. Kaweka hapo
kibatari, juzuu, chupa ya mafuta ya nazi,
na sahani yangu ya buluu yenye jogoo.
"Ilikuja na mkate wa kumimina," kasema.
"Sahani hairudi tupu. Na kila nikipika
nasema, kesho."

Ilete tupu, nikamwambia.
Haikupita. Tundu la jiwe moja haliipitishi sahani.
Shaame akapenyeza ncha ya utepe;
Mize akaishika kulekule,
akampima jogoo ukingo kwa ukingo,
akaisoma namba kwa sauti, mara mbili, maana miwani hana.
Shaame akaongeza inchi nne za mkono,
akaandika ukutani kwa kaa.

Jioni nikampigia Raya:
vigae vya sebuleni vipungue boksi mbili,
nataka fremu ya mvule
na bomba la futi sita.
"Bomba la wapi, mama?"
La paa la jirani.