Mwanga wa Chokaa

Somoe wa Gredi ya Saba aliandika: "mwanga wa ndimu."
Darasa zima likacheka, hata yule kijana wa dirishani
ambaye naye, nilikuwa nimeshaona, ameandika "taa ya limau."
Mimi sikucheka. Kamusi ingenidanganya vile vile
lau nisingezaliwa Langoni, nyuma ya tanuu.

Waingereza, nikawaambia, wana msemo:
mtu akiwa machoni pa watu,
jina lake likitajwa na wasiomjua hata kwa sura,
husema yumo katika mwanga wa chokaa.
Si ndimu. Chokaa.
Hii hii iliyowachafua migongo mlipoegemea ukuta.

Zamani, kwenye kumbi zao za maigizo, kabla ya stima,
fundi alikaa juu, gizani, na donge la chokaa,
akalipiga kwa ndimi za gesi hadi likang'aa jeupe,
kisha akammulika mwigizaji.
Mwigizaji akapigiwa makofi.
Fundi hakuulizwa kama amekula.

Hapo nikanyamaza kidogo.

Baba yangu, Famau Lali, alipanga matumbawe
juu ya magogo ya mikoko, akatia moto alfajiri,
na usiku wa pili jiwe halikuwa na rangi ya jiwe tena.
Tulikatazwa kulitazama.
"Litakukausha jicho," alisema, naye akilitazama.
Alizipaka nyumba za Mkomani, sebule kwa sebule,
ambamo hakuwahi kukaribishwa kahawa.

Siku moja nyumba kubwa ilipofunguliwa
wapiga picha walijaa hadi kwenye daka.
Mwenye nyumba alisimama mbele ya ukuta mweupe pe,
akarekebisha kilemba, akatabasamu.
Baba alikuwepo. Picha ninayo.
Pembeni, kushoto, kinaonekana kiwiko
chenye kovu la kuungua.

"Mwalimu, kuwa humo ni kuzuri au kubaya?"
Inategemea, nikasema.
Mchezaji akifunga bao, watausema msemo huo.
Mheshimiwa akikamatwa na magunia ya mchele wa shule,
watausema vile vile.
Mwanga hauchagui, na macho hayana pazia.
Tena chokaa mbichi usiishike kwa mkono wenye jasho.

Somoe akainua kidole.
"Na anayeuwasha? Kiingereza kinamwitaje?"

Nikatafuta. Kengele ikaniokoa.

Usiku, kwa taa ya betri, nikasahihisha madaftari.
Tungeni sentensi, niliwaambia, moja tu.
Wengi walimtia mwangani mwanasoka,
mmoja alijitia mwenyewe, na gari jekundu.
Somoe aliandika, kwa mwandiko wa kuinamia kushoto:
"Babu yake mwalimu alikaa upande wa nyuma
wa mwanga wa chokaa."

Msemo hautumiwi hivyo. Nilijua.
Kalamu nyekundu ikakaa juu ya karatasi muda mrefu.
Mwishowe nikasahihisha kosa moja:
nikakata *u*, nikaandika *a*.