Ngazi ya Sita

Hull, Novemba. Mabomba ya joto yanagonga ukutani.
Mezani kisanduku cheusi, matundu manne,
diski nne zinazonuka kiwanda bado.

Kinauliza: ngazi ipi?

Sifuri ni mbio za mwenye bahati:
mmoja akijikwaa, wote chini.
Moja ni kioo, nusu ya nafasi
huliwa na kivuli.
Tano huvumilia msiba mmoja.
"Tano yatosha," alisema Threlfall wa dukani,
akinihesabia chenji.

Yatosha?
Mama tulimzika Machi.
Baba akabaki kuijenga upya nyumba,
usiku kucha akikumbuka kwa niaba ya wawili.
Hakuvuka Juni.
Diski nazo ni hivyo: si ya kwanza inayokuliza,
ni ya pili, iliyochoka
kwa kubeba ya mwenziwe.

Nikabonyeza sita.
Nafasi ya diski mbili imekwenda; na iende.
Humo mna Mama kwenye simu, saa arobaini,
akieleza pilau, akikohoa, akimkemea paka.

Kisha nikajaza diski ya tano, ya peke yake,
nikaituma Leicester kwa dada yangu Shekue.
Nyumba nazo huungua,
na hilo kisanduku hakikuniuliza.