Sufuria Namba Kumi na Saba

Tulianza na viti arobaini na hema moja lenye tundu
ambalo mvua ya Mei ililijua kuliko sisi.
Hesabu nilikaa nayo kichwani,
pamoja na dozi za mama na tarehe ya kodi,
na kichwa kilitosha.

Kisha Kisauni ikaanza kuozana.
Bombolulu, Mishomoroni, hadi Likoni ng'ambo ya kivuko,
kila wiki mtu anataka viti mia tatu,
majamvi, masinia, sufuria za biriani zinazomeza mbuzi mzima.
Nikasema alhamdulillahi, nikaajiri.
Mbarak akaandika oda katika simu yake,
Kazungu akaandika ukutani kwa mkaa,
mimi nikaandika palepale pa zamani.
Wahenga walituonya juu ya mali bila daftari.
Hawakututajia mali yenye madaftari matatu
yasiyosalimiana.

Ikaja Jumamosi ile.
Arusi Mtopanga, matanga Mwandoni,
hema kubwa ni moja,
na kila mmoja wetu ana hakika.
Hema likaenda arusini.
Mwenye msiba hakunitukana.
Alinitazama tu, akabeba kiti chake
kufuata kivuli cha ukuta,
kivuli kikisogea, naye akasogea,
tangu adhuhuri hadi alasiri.
Usiku, nikifumba macho, kiti kile kilisogea.

Nani kakosea? niliuliza ghalani.
Si mimi, akasema Mbarak.
Si mimi, akasema Kazungu, na ukuta wake ukamshuhudia.
Si mimi, nikasema nami,
bila kufungua mdomo.

Nyevu, muosha masinia,
wa mwisho kuajiriwa, wa mwisho kulipwa,
ndiye aliyekuja na kopo la rangi nyekundu.
"Mama, kitu kisicho na jina
utakiulizaje kiko wapi?"

Tukapiga namba. Siku tatu, magoti yakaota sugu.
Viti mia nne na sita. Tulikuwa tukijisifia mia tano.
Sufuria, moja hadi kumi na sita.
Na risiti ya Marikiti inasema
tulinunua kumi na saba.

Tukatundika ubao mlangoni, mmoja,
aupite anayetoka na anayeingia:
siku, mahali, namba,
jina la aliyetoa, jina la aliyepokea.
Jumatatu kabla ya chai tunasimama mbele yake
(kukaa huleta hadithi),
kila mtu aseme wiki hii anabeba nini
na wiki jana alidondosha nini.
Mwanzo maneno yalitoka kama maji ya mfereji wetu,
kwa mafungu, na kutu.

Niliiona siku ya nne, nikienda kuoga.
Jikoni kwangu, imekaa mkao wa mwenyeji,
imejaa maji ya akiba, kata yaelea juu.
Niliichukua Ramadhani, mfereji ulipokauka.
Mwenye mali achukuapo mali yake
amwandikie nani?

Jumatatu niliingia nayo kichwani.
Nyevu akapiga namba, rangi ikanidondokea kidoleni.
Nikashika chaki:
*Kumi na saba. Aliyetoa: Zuwena. Aliyepokea: Zuwena.
Imechelewa miezi mitano.*
Hakuna aliyecheka.
Kazungu akatazama dari kwa muda mrefu.
"Viti kumi na viwili viko kwa shemeji yangu."
Mbarak akakohoa. Majamvi mawili.

Hadi Ijumaa viti vilifika mia nne thelathini na moja.
Vilivyobaki sijui. Safu yake ipo ubaoni, haifutwi.

Na ilipokaribia arobaini ya Mwandoni
tukaandika hema kubwa, bila malipo,
tukalifunga tundu kwa uzi wa nailoni.
Penye jina la atakayelipeleka
nikaandika, moyo umenijaa: *Sote.*
Nyevu akapitisha kiganja, akafuta.
"Sote si jina, mama."
Akanirudishia chaki.