Wa Nne

Kabugho, ulirudi Jumanne, siku ya soko,
viatu mkononi kwa ajili ya matope.
Miaka sita. Mbwa aliyekubwekea
alikuwa hajazaliwa ulipoondoka.

Sikukukumbatia. Nisiseme uongo.
Nilikupa maji ya kunawa
nikasimama mlangoni kama askari wa benki.

Uliuza kahawa yangu ikiwa bado maua,
meupe, hayajafunga hata punje.
Ulimkatia mlanguzi wa Bwera misimu mitatu
kwa sahihi yangu uliyoiiga,
nami niko wodini, mtoto ana dripu mkononi.
Kisha ukavuka mpaka pale Mpondwe
na kitenge changu kiunoni.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji.
Waende Kilembe wakaiambie Nyamwamba.
Mto ule ulishuka usiku mmoja
ukabeba jiko, mbuzi, ukuta wa nyuma,
ukatuachia jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala.
Tuliita vijana wenye nyundo. Walivunja mipini.
Mwaka wa kwanza nililitukana kila asubuhi.
Wa pili nikalizunguka bila kuliangalia.
Siku hizi naanika muhogo juu yake,
hukauka upesi kuliko kwenye turubai.
Bado ni jiwe.
Bado limekaa pale palipokuwa na jiko.

Uliponiuliza, chini chini,
"Mbambu, umenisamehe?"
nilikuwa namimina unga wa bundu,
nikaendelea kumimina.
Mkono wa kulia ulikwisha kusamehe, nadhani,
maana uliongeza konzi yako bila kuniuliza.
Wa kushoto ulikuwa kifuani
umeshika ufunguo wa sanduku.

Usiku ulilala mkeka mmoja nami,
ukakoroma kama zamani.
Nikahesabu kama tulivyohesabiwa:
Masika, Biira,
na hapo ulimi ulikuwa umezoea kuruka.
Lakini Mbambu ni nani
kama wa tatu hayupo?
Mama hakunichagulia jina, alinihesabu tu,
na hesabu haifiki kwangu
isipopita kwako.

Asubuhi nilikuta umefagia uwanja,
umelizunguka jiwe vizuri, hata majani ya pembeni.
Ufunguo ungali shingoni mwangu.
Nilikuita kwa jina,
uje unywe chai kabla haijapoa.