Kitobo Juu ya Kioo

Mkufunzi Hokororo anasema: "Msitazame nyuso.
Tazameni kitobo hiki cheusi, juu ya kioo.
Hapo ndipo yalipo macho ya wanafunzi."
Hokororo huyu, niliyemfundisha kuandika herufi h
ikasimama wima bila kuegemea jirani.
Leo ananishika kidole: bonyeza hapa, mwalimu. Si huko. Hapa.

Tupo kumi na wanane, Kituo cha Walimu, Newala.
Ukungu umeingia bila hodi, umekaa dawati la nyuma.
Kishikwambi changu kilipita nyumba kwa nyumba wakati wa sensa,
kina mkwaruzo pembeni, bado kinanuka salfa ya mikorosho.
Kimehesabu watu wa vitongoji vingi.
Sijui kama kinamkumbuka hata mmoja.

Miaka ishirini na tisa nimesoma nyuso.
Aliyekuja hajala hunakili tarehe mara mbili.
Asiyeelewa ndiye wa kwanza kuitikia, "Ndiyo, mwalimu!"
Sasa nasemesha kitobo
kisichopiga chafya, kisichoomba ruhusa ya kwenda nje.

Ikafika zamu yangu ya majaribio. Wenzangu wametawanywa,
huyu kwao Kitangari, yule Mahuta, mwingine stoo ya chaki,
wamegeuka visanduku vyeusi vyenye majina.
Nikagawa mkate kwa nane. Nikauliza, "Mmeelewa?"

Kimya.

Darasani kimya kina mlio: benchi hulia, penseli huanguka,
mtu humeza mate.
Hiki hakikuwa na hata mbu.
Nikanyanyua kiganja nifute kwenye kioo vumbi la chaki
ambalo halikuwepo.
Hokororo akainamia daftari lake, asinione.

Basi nikauacha mkate.
"Fungueni vipaza sauti. Kila mtu aniletee
kitu kimoja kinachosikika hapo alipo."

Kikaja kinu cha Mahuta: twanga, pumzika, twanga.
Ikaja mashine ya kusaga, na mtoto anayedai sukari iongezwe.
Stoo ikapiga chafya, kuta zikaitikia.
Nikaandika kwenye rejista, mbele ya kila jina, sauti yake.

Kisanduku kimoja hakikujibu. Bi. Asumini Chikaka.
Hokororo akanionyesha saa, kisha bando linavyoyeyuka.
"Songa mbele, mwalimu. Huyo mtandao umemtupa."

Namjua mkufunzi wangu. Alikuwa mchelewaji;
maji ya kwao yalikuwa mbali, chini bondeni,
na sikuwahi kuanza hesabu
kabla miguu yake haijasikika mlangoni.

Nikatazama kitobo.
"Asumini," nikasema, "tupo. Tunakusubiri."