Kidoko

Lugha yetu ilikuwa na maneno mia mbili na kumi na moja,
yote ndani ya kaunta buku la kwaya tatu
chini ya godoro la Teodosia, bwenini Kondoa.
Beu, maji. Toli, moto. Nishu, kula.
Oma: nyumba, au mtu unayerudi kwake.
Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mimi wa Bahi, nimekulia penye maneno ya kuvuliwa maganda.
Mjomba "alivaa miwani", na miwani hakuwa nayo.
Shangazi "alikula chumvi nyingi", presha isimguse.
Na bibi alipofariki wakaniambia amepumzika;
wiki nzima nilitembea kwa ncha za vidole
nisimwamshe.
Nikasema, hii ya kwetu isinifanyie hivyo.
Neno likiacha kazi yake likaenda kufanya ya jirani,
livae alama.

Teodosia alitoka Farkwa. Bibi yake alisema Kisandawe,
vidoko katikati ya maneno
kama kokoto ndani ya mchele wa kwetu,
ila hizi hakuna anayezichambua.
Akabandua ulimi kaakaani: tk.
"Tunakiazima hiki. Kikitangulia,
msikilizaji ajue: neno hili usilishike kwa mkono."
Daftarini tuliweka nukta chini ya neno,
kwa wino mwekundu wa kuiba, wa mwalimu wa taaluma.

Mguu wa meza? Nukta.
Kesho yake tukaifuta. Meza inasimama, ina haki ya mguu.
Dodoma? Husemwa tembo alididimia pale;
aliyezama ni tembo, mji haukuzama. Nukta.
Masika yakaja, tukaziona barabara. Tukaifuta.
Moto unakula?
Tulinuniana siku mbili.
Mimi: moto hauna tumbo.
Yeye: mbuzi akiingia shambani akatoka,
kinachobaki unakiitaje? Ameshakula. Na moto vivyo hivyo.
Nikakubali, maana taa zilikuwa zinazimwa.

Sasa niko masjala, Mtumba, nagonga mihuri.
"Suala lako linafanyiwa kazi," nasema,
na ulimi unaruka wenyewe, tk.
Mama mmoja wa Mvumi alidhani namsonya.
Nilimwomba radhi. Sikumweleza
kwamba hilo ndilo neno pekee la kweli
alilolipata dirishani kwangu siku ile.

Jana usiku, ujumbe. Miaka tisa, namba yake:
Toli nishu oma.

Simu haina nukta ya kuweka chini ya neno.
Kula, tulishakata shauri: moto unakula.
Toli, nikaona ni moto wa kiberiti tu.
Oma ndiyo iliyonikalisha kitandani.
Tumekubaliana lini hasa? Maana ipi ilikuwa ya kwanza,
ipi ya kuazima?

Nikapiga. Ikapokelewa. Upepo, au pumzi.
Sikuuliza ni paa au ni mume.
Nilisema neno moja, oma,
nikanyamaza, nimwachie nafasi ya alama.

Kitu kikalia upande wa pili, kikavu, kifupi.
Mtandao wa kule nao hukatika hivyo hivyo.

Basi linaondoka saa kumi na mbili.
Nimefunga blanketi mbili, sufuria, misumari kilo moja,
na kitenge kipana cha kumfutia mtu machozi.
Kalamu nyekundu nimeitia mfukoni.